Matengenezo ya Idd

Hakuna mtu wa avenyu ya sita aliyeshtuka aliposikia mashine ya mzee Shakuru ikinguruma. Mwaka ule wa tisini na tano, vita ikiendelea, mtaa wa Bwiza ulikuwa na mengi ya kuushtusha: gari likisimama ghafla, filimbi ikipigwa kwenye kona, mbwa wakinyamaza wote kwa pamoja. Lakini mashine ya Shakuru ikianza kulia, watu walicheka. "Muzee ameanza tena," waliambiana, kila mtu akaendelea na lake.

Walikuwa na haki ya kucheka. Shakuru alikuwa makanika wa kiwanda kimoja kule Zone Industrielle mpaka mvi zikamwenea kichwani, na siku ya kuagwa kwake aliruhusiwa kuingia chumba cha vyuma vibovu achukue anachotaka. Mtu mwingine angechukua kitu kimoja akashukuru. Yeye alijaza mkokoteni: mashine ya kutobolea ukuta, mashine ya kukatia chuma, na randa ya umeme ambayo haikuwahi kuwaka hata siku moja. Mwanne, mkewe, alipoona mzigo mrefu umefunikwa turubai mlangoni pake alidhani ameletewa maiti, akaanza kulia. Baadaye alisema hakukosea sana.

Tangu hapo nyumba haikupumzika. Rafu ya jikoni ilianguka pale pale mgeni alipoisifia. Kitasa cha mlango wa mbele kiliwekwa juu chini, ikawa ukitaka kutoka unainua badala ya kubonyeza. Swichi ya sebuleni iliwasha na kuzima taa ya choo, na aliyekuwa chooni hakuwa na usemi.

Mashine ya kutoboa ndiyo iliyokuwa kipenzi chake, na ndiyo iliyokuwa mbovu kupita zote. Makaa yake ya ndani, yale yanayopitisha umeme, yalikwisha zamani, kwa hiyo Shakuru alikuwa akipasua betri za tochi, anatoa kile kijiti cheusi cha katikati, anakisugua sakafuni mpaka kinaenea mahali pa makaa. Ikiwaka ilitoa cheche za buluu na harufu ya nywele zilizoungua. Plagi ilikuwa imekufa. Nyaya mbili tupu zilichomekwa kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Kinywa kinachoshika ncha kilikuwa kimelegea, ncha ikawa inatikisika kama jino bovu. Akitaka tundu la kidole anapata tundu la ngumi. Tena ilikuwa inamrusha kwa umeme. Kila alipoishika ilimbidi avae makubazi ya tairi na kujizungushia mpira wa baiskeli mkononi.

"Hii mashine inakupenda, Baba Amira," Mwanne alimwambia. "Siku moja itakukumbatia, haitakuachia."

"Mashine haina kosa," Shakuru alijibu. "Kosa ni ya umeme."

Amira alikuwa mtoto wao wa pekee, na aliishi karibu kiasi cha kusikika akikohoa. Viwanja vya Bwiza vimepeana mgongo: nyumba ya Mwanne ilitazama avenyu ya sita, nyumba ya Amira na mumewe Hamimu ilitazama ya saba, na katikati palikuwa na ukuta mmoja wa matofali, mrefu, uliopandwa vipande vya chupa juu yake. Zamani ukuta ule haukuwa kitu. Mwanne akipika kitu kizuri alichukua sahani, akazunguka kupitia kona, akarudi chai yake haijapoa.

Sasa kona ilikuwa na wenyewe. Vijana wa baa ya pale, wakiongozwa na mmoja aitwaye Révérien, walimsimamisha kila apitaye na kumuuliza anakwenda kwa nani. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi walianza kuulizana baba zao walizaliwa kilima gani. Wengine walivutwa pembeni pale pale kwenye kona na hawakuonekana tena. Wakazi wa avenyu ya saba, ambao wengi wao walikuwa Wahutu na ndio waliokuwa wakitafutwa, waliziba njia yao kwa mapipa ya mawe huku na huku, na wanaume wakawa wanalinda kwa zamu. Vijana wa kona walikuwa hawajapata pa kuingilia. Hamimu, ambaye baba yake alikuwa Mhutu wa milimani, ilisemekana amevuka mpaka kwenda Uvira. Ukweli ni kwamba alikuwa amejificha nyumbani kwake, mlango wa mbele haugusi.

Na Amira alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimekaribia. Mwanne alitaka kitu kimoja tu duniani: mwanawe akishikwa na uchungu, yeye awe pembeni yake amshike mkono. Kabla ya Amira alikuwa amezaa na kuzika, na kila mara mama yake mwenyewe alikuwa mbali. Alijua ladha ya kuita mama na kuitikiwa na mtu mwingine.

Shakuru ndiye aliyesema watoboe ukuta.

"Watu watasikia," Mwanne akasema.

"Watasikia nini? Idd inakuya. Nani Muislamu hatengenezi nyumba mbele ya Idd? Mashine yangu wameizoea. We acha wacheke."

Alikuwa amesema kweli. Ramadhani ikifika katikati, Bwiza ya Waislamu hupaka chokaa, hugonga misumari, hubadilisha vigae na vitasa, na ambaye nyumba yake iko kimya ndiye anayeshangaza. Ubovu wa mashine ile ulikuwa umepata faida kwa mara ya kwanza. Walimweleza Hamimu kupitia tundu la maji chini ya ukuta, Mwanne amepiga magoti kwenye tope.

"Baba, fikirini vizuri," Hamimu alijibu kwa sauti ya chini. "Pahali nyie mutapita, na wengine wanaweza kupita. Watu wa huku wamefunga njia zote. Hatujui nani atakuya nyuma yenu."

Mwanne alijua mkwewe ana haki. Lakini alitaka mno kumfikia mwanawe. Alijitia kutosikia, akasema Mungu atawafumba macho wabaya, akamwambia mumewe aanze.

Basi kila alasiri, kabla ya futari, Shakuru alianza kunguruma uani. Alichagua mahali penye kibaraza kati ya jiko na ukuta, panapofunikwa na bati. Ukuta ulikuwa wa zamani, matofali yameshikanishwa kwa udongo na kupakwa saruji juu juu. Alitoboa viungo, tundu baada ya tundu, kisha tofali likachomolewa kwa mikono, yeye akisukuma, Hamimu akivuta. Mashine ililia, ikakwama, ikatoa moshi, ikapasuliwa betri nyingine. Siku moja ncha ilinasa kwenye jiwe, na badala ya ncha kuzunguka ikazunguka mashine yenyewe, ikamtegua Shakuru kifundo cha mkono wa kulia. Mwanne alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akamfunga kitambaa, akamsihi aache. Kesho yake alitoboa kwa mkono wa kushoto.

Ndipo njiti za kiberiti zilipoteleza na nyaya zikagusana. Mlio ulikuwa mdogo tu, lakini ulizima umeme wa mstari mzima wa nyumba, pamoja na baa ya kona iliyokuwa ikipiga muziki. Muziki ulipokatika, kimya kilichofuata kilimtisha Mwanne kuliko kelele za mwezi mzima. Alisikia viatu vikija barabarani bila haraka. Vikasimama mlangoni pake.

Révérien alikuwa kijana mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya upole. Alikulia mtaa ule. Alikuwa Mkristo, lakini hakuna Idd ya utoto wake aliyoikosa katika uwanja wa Mwanne. Alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa ikiwatia watu hofu.

"Amahoro, Mama Amira. Muzee ametukatia muziki."

"Utusamehe, mwanangu. Anatengeneza vitu vya Idd."

Shakuru akatoka uani, mwekundu wa vumbi la matofali kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu. Révérien alimtazama kwa muda, kisha akalitazama lile vumbi.

"Unatengeneza nini, muzee?"

"Kabati," Shakuru akasema. Kabati lenyewe lilikuwa sebuleni, halijaguswa tangu harusi yao. Mwanne hakujua neno hilo limetoka wapi.

"Kabati inatoka matofali?" Révérien akatabasamu. "Bon. Siku ya Idd nitakuya kuiona. Mi kila mwaka ninakulaka hapa, si ndiyo?"

"Karibu, baba. Ni kwenu," Mwanne akajibu, maana hapakuwa na jibu lingine la kumpa mtu kuhusu Idd.

Kwa hiyo ikawa lazima liwepo kabati. Umeme uliporudi kazi ikaendelea, na tundu lilipofikia kiasi cha mtu kuinama na kupita, walilibeba lile la vyombo kutoka sebuleni kulifunika. Mwanne alitaka liegemezwe tu ukutani na kuwekewa magunia ya mchele miguuni. Shakuru alikataa katakata.

"Mi niko fundi," alisema. "Nitaitia bawaba. Itafunguka kama mulango, na mutu akiangalia ataona sahani tu."

"Na mukono wako?"

"Iko mukono mwengine."

Alitoboa matundu ya skrubu kwa mkono wa kushoto, na mashine yenye kinywa kilicholegea ikamchimbia matundu mapana yasiyoshika kitu. Akayajaza vijiti vya mti na sabuni iliyokauka, akakaza skrubu, akapaka chokaa. Alipomaliza alilifungua na kulifunga, likaenda bila kelele na sahani hazikutikisika. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na jambo hilo lilimpa Mwanne wasiwasi. Lakini jioni ile, baada ya futari, aliinama akapita. Alimkuta Amira amesimama upande wa pili na mikono yake yote miwili tumboni. Walikumbatiana kwa ubavu kwa sababu ya ukubwa wa lile tumbo, wakacheka na kulia kwa pamoja, na Mwanne akaona kwamba alikuwa na haki ya kutaka. Alifurahi kama alivyokuwa hajafurahi tangu vita ianze.

Idd ilikuja na mvua ya asubuhi, kisha jua. Watu walirudi kutoka kuswali, Mwanne akapakua pilau, majirani wakaanza kuingia. Amira alituma salamu kwamba amechoka, analala kidogo. Mwanne alimpitishia Hamimu sahani yake mapema, akafunga kabati, akakagua kwa jicho lake, akaona sahani tu.

Révérien alifika adhuhuri na wenzake wawili. Waliketi mkekani kwenye kibaraza, Mwanne akawamwagia maji mikononi, wakala vizuri. Majirani waliokuwepo walizungumza kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida, kama watu wanaozungumza mbele ya mbwa wasiyemjua. Alipomaliza, Révérien alilamba vidole, akasimama.

"Sasa, muzee. Kabati."

"Ni hii hapa," Shakuru akasema, na Mwanne akaona, kwa uchungu mwingi, kwamba mumewe anajivuna.

Révérien alilitazama juu mpaka chini. Alilipiga kofi ubavuni. Akakifungua kimlango cha juu, akaegemeza kiwiko ili aone sahani za ndani. Skrubu ya juu ilitoka polepole pamoja na unga wa sabuni, ikafuata ya pili. Kabati likainama mbele kwa heshima zote, Révérien akaruka pembeni, na vyombo vya harusi ya Mwanne vikamwagika sakafuni vyote.

Watu walicheka. Walicheka mpaka wakashikana, maana walikuwa hawajacheka siku nyingi. "Muzee Shakuru, Idd mubarak," mmoja akasema akifuta machozi. Kisha waliokuwa mbele wakanyamaza, halafu waliokuwa nyuma yao, mpaka kibaraza kizima kikawa kimya.

Mahali pa kabati palikuwa na mwanga wa upande wa pili. Hamimu alikuwa ameketi uani kwake juu ya kigoda, sahani magotini, tonge limekaribia mdomo. Alimwona Révérien na Révérien akamwona. Hamimu hakujua la kufanya, akafanya ambalo mtu hufanya siku ile.

"Idd njema," akasema.

"Njema," Révérien akajibu. Alinawa mikono tena, taratibu, mpaka kwenye viwiko. "Kumbe Uvira si mbali. Muzee, kabati muiache chini. Mbele ya magaribi tutapita hapa tukasalimie watu ya avenyu ya saba. Siku mingi tulikuwa tunatafuta mulango yao."

Akamshukuru Mwanne kwa chakula, akatoka na wenzake. Majirani nao wakakumbuka kila mmoja jambo lake, wakaondoka bila kuaga, na pilau ikabaki nusu kwenye masinia.

Mwanne alikumbuka maneno ya Hamimu. Alikuwa ameambiwa, na alisikia, akajitia kutosikia. Lakini hapakuwa na nafasi ya kujilaumu. Upande wa pili Hamimu alikuwa amekwisha kwenda kuwaambia walinzi wa avenyu yake, akarudi amebadilika uso.

"Wanasema tufunge," alisema kwenye tundu. "Tufunge sasa hivi, ao watafunga wao na sisi tubaki inje."

"Amira avuke kwetu," Mwanne akasema. "Yeye hawamutafuti. Amira, mwanangu, kuya huku."

Amira alikuwa ameegemea ukuta, jasho limemtoka. "Na huyu Hamimu, nimuache na nani?"

"Basi mi ndio nivuke."

Alikuwa ameshaingiza mguu mmoja. Shakuru akamshika bega kwa mkono wake mzima. "Wakikuya wasikukute, wataniuliza uko wapi. Nitasema nini? Watajua bado kuna mutu kule."

"Kaa na baba," Amira akasema. "Wakimukuta peke yake watamuua. Mama Scholastique yuko hapa."

Scholastique alikuwa jirani wa Amira, muuza vitenge aliyetoka Uvira, na kwao alikuwa amepokea watoto wengi. Kichwa chake kilijitokeza nyuma ya bega la Amira. "Mi nitamuzalisha, Mama Mwanne," alisema. "Usiogope. We funga."

Saruji haikuwepo, na siku ya Idd hakuna duka la kuiuza. Shakuru, ambaye hangeweza kuinua tofali, aliingia kwenye udongo akaukanyaga kwa miguu, kwa maji yale yale yaliyobaki ya kunawia wageni. Mwanne ndiye aliyejenga. Alipitisha kwanza kanga zake safi, wembe mpya, uzi na chupa ya mafuta, kisha akaanza kupanga matofali, udongo ukimtiririka mpaka kwenye kwapa za nguo yake ya Idd. Alimwona bintiye mzima, kisha kuanzia kifuani, kisha uso tu. Lilipobaki tofali moja, Amira aliingiza mkono. Mwanne akaushika. Mkono ukambana ghafla, kwa nguvu, ukaendelea kumbana, kisha ukalegea.

"Tangu lini?" Mwanne akauliza.

"Tangu asubuhi," Amira akasema. "Sikutaka kukuharibia Idd."

Mwanne aliubusu ule mkono, akaurudisha ulikotoka, akaweka tofali. Alilia akipaka udongo na alilia akipaka chokaa. Walilisimamisha kabati tupu mbele ya ukuta, wakafagia sahani. Upande wa pili walikuwa wamekubaliana kumhamishia Amira nyumba ya Scholastique, mbali na pale, lakini Mwanne alisikia wakijaribu kumwinua, akasikia akikataa kusimama, kisha akasikia mkeka ukitandikwa pale pale chini ya ukuta.

Révérien alirudi jua limeegemea milima ya ng'ambo ya ziwa. Alikuja peke yake, wenzake wakingoja kwenye kona. Alilisogeza kabati kwa mkono mmoja, akaweka kiganja ukutani. Kilipotoka kilikuwa na udongo.

"Bado mubichi."

"Tumefunga," Mwanne akasema. "Na kule hakuna mutu. Walikuona, wakakimbia wote wawili."

Kijana alifikiri. Mwanne alimwona akifikiri, na kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri akapata tumaini.

"Nikivunja na nyumba ni tupu," Révérien akasema, kama anajisemea, "nitawakuta walinzi ya saba wananingoja na mapanga. Apana. Kwa nyumba tupu, apana." Akajipangusa kiganja kwenye kabati, akageuka kuondoka.

"Mama."

Sauti ilitoka nyuma ya matofali, chini, karibu kabisa. Révérien akasimama.

"Nani huyo?"

Mdomo wa Mwanne ulikuwa umekwisha kufunguka kuitika. Aliufunga. "Ni muzazi wa majirani," akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika pande zote. "Iko nyumba ingine kule. Kila mwanamuke akizaa anaita mama."

Nyuma ya ukuta hapakuja tena neno. Mwanne alijua Amira amesikia na ameelewa, na moyo wake ulipasuka kwa jinsi alivyoelewa upesi.

Révérien alivuta kigoda akaketi, uso kwa uso naye. "Chai iko?"

Mwanne akamletea chai.

"Muzazi anaweza kunyamaza," Révérien akasema akikoroga sukari. "Mutoto hanyamazi. Akilia, sitaangalia ukuta, Mama Amira. Nitaangalia uso yako. Hapo nitajua kama ni wa majirani."

Wakangoja. Shakuru alikuwa ameketi mkekani nyuma yao, mkono wake mbovu mapajani. Wakati mwingine ukuta ulitoa mnong'ono wa Scholastique, wakati mwingine kitu kama kucha zikikwaruza, kisha kimya. Mwanne aliuandaa uso wake. Alifikiria maji, mkaa, masinia yasiyooshwa. Mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa amemwomba Mungu amjalie kukisikia kilio kile, na sasa alimwomba akicheleweshe mpaka mtu huyu achoke.

Kilio kilikuja. Kilikuwa chembamba, cha hasira, cha mtoto mzima mwenye nguvu. Révérien aliinua macho, akayaweka usoni kwa Mwanne na kuyaacha pale.

Uso wa Mwanne haukusogea. Aliishika birika, akaiinamisha juu ya kikombe cha mgeni, na chai ikamiminika bila hata tone kuanguka pembeni.

"Nikuongezee sukari?" akauliza.

Révérien alimtazama kwa muda mrefu. Kisha kitu kikalegea usoni mwake, akakubali kikombe. Alikuwa karibu kusema jambo, pengine kuaga. Lakini macho yake yakapita juu ya bega la Mwanne, yakasimama.

Mwanne akageuka. Shakuru alikuwa amesogea kwa magoti mpaka ukutani. Machozi yalikuwa yakimtiririka, shavu lake limeegemea udongo mbichi, mkono wake mzima uko sikioni, na midomo ilikuwa ikitembea. Allahu akbar, Allahu akbar, alikuwa akisema chini kwa chini, polepole, neno kwa neno, amemaliza shahada anaendelea. Hakujua anafanya nini. Furaha ilikuwa imemzidi.

Révérien alikulia Bwiza. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba adhana ile husomewa mtoto anapozaliwa, wala mzee humwadhinia mtoto wa nani. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akamshukuru Mama Amira, akaondoka kwenda kuwaita wenzake.